Empakaai, Magadi ya Kreta au Momella: ulinganisho wa maziwa matatu ya magadi ya milimani

Ukiwa Arusha, kuna sehemu tatu unazoweza kufika kwa gari ukaona ziwa la magadi lililokaa juu milimani badala ya kule chini kwenye joto la Bonde la Ufa. Ya kwanza ni Empakaai, kreta iliyo kaskazini-mashariki mwa hifadhi ya Ngorongoro. Ya pili ni ziwa Magadi, lililo sakafuni mwa Kreta ya Ngorongoro yenyewe. Ya tatu ni maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru. Mawakala huyauza yote kwa picha ileile ya heroe wa waridi, au flamingo kama wengi wanavyowaita, na hapo ndipo mgeni anapopotea. La kwanza linataka miguu, la pili linataka gari, na Momella yanataka asubuhi moja na kasia.

| | Empakaai | Magadi ya Kreta | Momella |
|---|---|---|---|
| Mwinuko wa maji | takriban m 2,230 | takriban m 1,700 | takriban m 1,450 |
| Umbo | ziwa moja, lenye kina kirefu | ziwa moja, lenye kina kifupi sana | maziwa saba yaliyotawanyika |
| Kuyafikia maji | kwa miguu, pamoja na askari | hushuki garini | gari, miguu au mtumbwi |
| Gari | 4x4 nzima na tairi la akiba | 4x4 ni sharti | kiangazi hata gari dogo, barabara kuu tu |
| Muda kutoka Arusha | siku 2 | siku 1 ndefu, heri 2 | nusu siku hadi siku 1 |
| Mahali pa kulala | hema ukingoni | hoteli ukingoni au Karatu | Arusha, Usa River au kando ya hifadhi |

Maji yenyewe

Hakuna mto unaotoka katika ziwa lolote kati ya haya. Maji huingia kwa mvua, chemchemi na vijito, yakipitia majivu na miamba ya volkano yenye sodiamu kwa wingi, kisha hayana njia nyingine ya kuondoka isipokuwa kukaushwa na jua. Chumvi hubaki. Ndiyo maana ladha yake ni ya magadi yale ya kupikia maharage, si ya chumvi ya bahari, na ukichovya vidole utayahisi yanateleza kama maji ya sabuni. Usiyaoge. Yanawasha macho na kila mchubuko ulio nao, na Empakaai kina huongezeka hatua chache tu kutoka ufukweni.

Kuhusu kunywa, Momella yanahitaji onyo la peke yake. Maji ya eneo lote la Meru yana floraidi nyingi, na Momella Kubwa, moja kati ya yale saba, imepimwa ikawa na mamia ya miligramu kwa lita, wakati kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5. Kuchemsha hakusaidii. Moto unaua vijidudu, lakini floraidi haipotei, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Kichujio cha kawaida cha msafiri hakiiondoi pia. Beba maji ya dukani, kwa ziwa lolote kati ya haya.

Empakaai

Hili ndilo ziwa la milimani hasa. Kreta ina upana wa kilomita sita hivi, ukingo wake unapita mita 3,200 kwenye sehemu ya juu, na ziwa limejaza karibu nusu ya sakafu. Kina chake hufika mita 80 hivi, jambo la ajabu kwa ziwa la magadi katika ukanda huu ambao mengi huvukwa na heroe wakiwa wamesimama. Ukuta wote umefunikwa na msitu. Kukiwa kweupe, kutoka ukingoni unauona mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai umechongoka karibu kabisa na Ziwa Natron liking'aa chini yake. Siku nzuri zaidi unaiona hata Kilimanjaro.

Lami huishia geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Kutoka hapo unapanda hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, unafuata upande wa mashariki hadi kijiji cha Nainokanoka, unapita chini ya mlima Olmoti, unavuka bonde la Bulbul lenye majani mafupi na ng'ombe wengi wa Wamaasai, kisha unapanda tena hadi Empakaai. Kutoka Karatu hesabu saa tatu hadi tatu na nusu barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha, udongo wa volkano hugeuka utelezi, na hapo hata Land Cruiser nzima inahitaji dereva anayeijua njia. Jaza mafuta Karatu. Nainokanoka kuna maduka madogo, na baada ya hapo usitegemee kitu.

Hushuki kreta bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sababu si urasimu: msituni kuna nyati, na njia ina kona nyingi ambazo huoni kilicho mbele. Askari hupangwa mapema, mara nyingi huchukuliwa Nainokanoka, na anahitaji kiti ndani ya gari lako. Kundi la watu saba kwenye gari la watu saba linagundua hilo likiwa tayari njiani. Hakikisha siku moja kabla kwamba malipo ya kutembea kwa miguu yamo katika kibali chako, maana kibali cha kuingia hifadhini peke yake hakikupi ruhusa ya kushuka.

Kushuka ni kama saa moja, kupanda ni saa moja na nusu hadi mbili. Ugumu wa Empakaai uko hapo: mlima huu unaupanda mwisho, si mwanzo. Unashuka ukiwa na nguvu na kivuli cha asubuhi, unafika majini, unakaa, unapiga picha, halafu ndipo mtihani unaanza, jua likiwa utosini na hewa ikiwa nyepesi. Wengi wanaokwama hawakwami kwa sababu ni dhaifu. Wanakwama kwa sababu walimaliza maji yao chini. Beba lita 2 hadi 3 kwa kila mtu na uache lita moja ya kupandia. Weka saa ya kugeuka kabla hujaanza kushuka, na ikifika, geuka hata kama heroe ndiyo kwanza wanasogea.

Vaa suruali ndefu. Pembeni mwa njia kuna mimea inayowasha kama upupu, na mtu akiteleza mkono wake wa kwanza hushika huko huko. Buti zenye meno ni bora kuliko raba, fimbo moja inasaidia sana magoti wakati wa kushuka. Chini, tembea kwenye mchanga mgumu. Tope la ukingoni lina ganda juu linaloonekana kavu, ukilikanyaga linakumeza hadi kifundo, na magadi yakikauka kwenye ngozi ya kiatu huifanya ikakamae na kupasuka. Suuza viatu kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Heroe wasogelee taratibu na usimame mbali. Kundi likianza kuinua shingo zote pamoja na kutembea upande mmoja, umeshakaribia kupita kiasi. Wakiruka, umewatoa kwenye malisho yao, na picha yako itakuwa ya migongo.

Sasa kuhusu mwinuko. Mtu anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, akalala usiku wa kwanza kwenye hema la ukingoni, ana nafasi nzuri ya kuamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na usingizi wa vipande vipande. Kilimanjaro kila mtu anajua hilo. Empakaai wanasahau kwa sababu wamefika kwa gari. Lala kwanza Karatu, ambako ni karibu mita 1,500, kisha ikiwezekana usiku wa pili ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, ndipo uende Empakaai. Kichwa kikiuma, pumzika na kunywa maji. Kikiendelea, na mtu akianza kutapika au kuyumba, dawa ni kushuka kwa gari kurudi Karatu, usiku huohuo.

Kambi ya ukingoni ni ya kawaida sana na inahitaji kulipiwa mapema. Maji, chakula, taa na kuni au mkaa vyote utoke navyo Karatu. Kukata miti hairuhusiwi. Juni hadi Agosti usiku hukaribia nyuzi sifuri na asubuhi hema huwa na umande mzito. Begi la kulalia la Pwani halitoshi. Kama unapikia mitungi midogo ya gesi, fahamu kwamba butane tupu huacha kutoka vizuri baridi ikifika karibu na sifuri: lala na mtungi ndani ya begi la kulalia, au nunua ya mchanganyiko wa propane. Kuna watu wamekunywa chai baridi saa 12 asubuhi wakidhani jiko limeharibika.

Je, inawezekana kwenda na kurudi siku moja kutoka Karatu? Inawezekana, kwa hesabu hii: getini saa 12 asubuhi, Empakaai kati ya saa 3 na saa 3 na nusu, kushuka, kukaa na kupanda saa nne, kuondoka saa 7 na nusu hivi, kurudi getini saa 11 kasoro kabla geti halijafungwa saa 12 jioni. Nafasi iliyobaki ni pancha moja tu. Anayekuuzia "Kreta asubuhi, Empakaai mchana" kwa siku ileile hajawahi kuiendesha barabara hiyo, au anajua na ananyamaza. Ukitaka nyongeza njiani, chagua Olmoti: ni matembezi mafupi hadi kwenye maporomoko ya mto Munge, nayo inaingia vizuri kwenye safari ya siku mbili.

Wenye miguu imara huendelea kutoka Empakaai kupitia Nayobi hadi Ngare Sero, kando ya Natron, kwa siku mbili, mizigo ikibebwa na punda. Unatoka kwenye baridi ya kofia na glavu hadi joto la kando ya Natron, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Gari haliwezi kukufuata. Dereva lazima azunguke kupitia Mto wa Mbu na Engaruka akupokee kule, na hiyo ni gharama ya mafuta na siku zake ambayo huwa haionekani kwenye bei ya kwanza unayotajiwa.

Magadi ya Kreta

Maji ya mto Munge, yale yaliyoporomoka Olmoti, huishia hapa. Ziwa ni pana lakini kina chake ni kifupi sana: masika hujitanua, kiangazi hujikunja hadi kubaki uwanda mweupe wenye madimbwi, na upepo wa mchana huinua vumbi la magadi linaloingia machoni na kwenye kamera. Usibadili lenzi dirisha likiwa wazi.

Barabara ya Seneto, upande wa magharibi, ni ya kushuka tu na hukuleta karibu na ziwa mapema. Ya Lerai ni ya kupanda tu. Ile ya mashariki, upande wa hoteli ya Sopa, hutumika kwa kushuka na kupanda. Ukishuka Seneto asubuhi na mapema unaliona ziwa jua likiwa mbele yako, kwa hiyo heroe hutoka vivuli vyeusi. Anayetaka rangi ya waridi azunguke kreta kwanza, arudi upande huo mchana, jua likiwa nyuma yake. Hata hivyo mara nyingi ndege wako mbali na barabara. Bila darubini utaona mstari wa waridi tu.

Kushuka garini kando ya ziwa hairuhusiwi. Pa kushukia ni sehemu za mapumziko, kama Ngoitokitok, ambako chemchemi ni ya maji baridi na viboko wamejaa. Mwewe wa pale wana ujuzi wa miaka: kipande cha kuku kinaondoka mkononi kabla hujakifikisha mdomoni, na kucha zao hukata. Kula ndani ya gari.

Kama lengo lako ni ziwa peke yake, usiende Magadi. Watu huenda kwa sababu ya simba, faru na nyumbu, na ziwa ni nyongeza. Ada ya kushuka kreta hulipwa kwa gari, si kwa kichwa. Kwa magari ya watalii wa nje imekuwa dola 250 kabla ya kodi. Watu wawili kwenye gari zima wanaibeba wote wawili, watu sita hawaisikii. Jaza gari.

Momella

Sehemu hii hudharauliwa kwa sababu iko karibu. Kutoka Arusha ni mwendo wa saa moja hivi: unafuata barabara ya Moshi, unakunja eneo la Usa River na kuingia geti la Ngongongare. Upande wa mashariki wa Meru uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, lundo la mawe na tope likatanda hadi mbali, na maziwa haya yamekaa kwenye mashimo kati ya vilima vya lile lundo. Maji hujipenyeza kutoka chini, kila shimo kwa namna yake, kwa hiyo chumvi na rangi hutofautiana kutoka ziwa moja hadi jingine: hili la kijani, lile la buluu, hali ya kuwa yametenganishwa na kilima kidogo tu. Momella Kubwa ndilo la kutazamia heroe kwanza.

Mtumbwi wa kupiga kasia huruhusiwa Momella Ndogo, ukiwa na jaketi la kuokolea na askari. Hesabu saa mbili hadi mbili na nusu. Panga ya asubuhi. Baada ya adhuhuri upepo hushuka, maji huchafuka, na mgeni asiyezoea hutumia nguvu zote kurudi alikotoka. Viboko wapo, na mwongozaji akisema geuza, geuza bila kuuliza. Vaa nguo usiyoionea huruma, matone yakikauka huacha madoa meupe.

Hakuna simba katika hifadhi hii, ndiyo maana matembezi ya miguu na askari ni rahisi kupanga. Nyati wapo wengi, na twiga wengi zaidi. Kwa familia yenye watoto, wazee, au mtu aliyetua uwanja wa KIA jana usiku na kifua chake bado hakijazoea mwinuko, hapa ndipo pa kuanzia. Siku ikiwa safi, Meru yenye mita 4,562 inasimama juu ya maji upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, mradi uwe umefika kabla ya saa 3 asubuhi, mawingu hayajafunika.

Majira, vitambulisho na malipo

Machi hadi Mei epuka Empakaai kabisa. Momella bado inafaa. Juni hadi Agosti ni kavu lakini baridi na ukungu hukaa ukingoni hadi saa 4, na mtu aliyepanga kuona Lengai alfajiri huona gari lake tu. Januari na Februari, baada ya vuli, hewa huwa safi na njia ya msituni imekauka kiasi. Heroe hawana kalenda. Wanafuata mwani, na mwani unafuata kiasi cha maji na chumvi, kwa hiyo kundi lililokuwa Momella wiki hii linaweza kuwa Natron au Manyara wiki ijayo. Uliza dereva aliyerudi jana, achana na tovuti.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini, kwa shilingi, lakini kwa kuonyesha kitambulisho cha taifa au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukataliwa. Gari lenye namba za nje hutozwa kwa dola na bei yake ni kubwa, kwa hiyo wanaovuka mpaka wa Namanga na gari lao wapige hesabu kama si nafuu kukodi Arusha. Getini hawapokei noti. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo iliyolipwa benki au kwa simu, na mtandao ukikatika asubuhi, foleni hula saa nzima ya safari. Lipa jioni ya kuamkia. Kibali cha Ngorongoro huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo anayelala Empakaai aangalie saa aliyoingia.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuuliza kwa nini avuke mpaka wakati Nakuru na Elmenteita ziko juu kuliko Magadi ya Kreta, zote mbili zikizidi mita 1,750. Kwa Elmenteita, swali ni la haki: ni safari ya siku moja, na hakuna mlima wa kupanda. Nakuru imebadilika. Maji yameongezeka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi kufunika geti la zamani na barabara za kando, magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Nenda Nakuru kwa ajili ya faru. Ukitaka kusimama peke yako chini ya kuta za msitu na maji ya magadi mbele yako, upande wa Kenya haukupi hilo, na hapo panga Empakaai: siku mbili, gari zima, askari aliyepangwa, lita tatu mgongoni.